Kabla hujachagua mnyama: kwa anayetaka uzamili wa tabia za wanyama

Karibu kila kijana anayeniuliza kuhusu shahada ya uzamili katika tabia za wanyama huanza kwa kunitajia mnyama. Anataka sokwe wa Budongo, au simba wa Ishasha wanaopanda miti. Namwelewa, maana nchi yetu ya Uganda imejaliwa hao wote. Hata hivyo humuuliza kwanza: unataka kujua nini? Kama huwezi kujibu kwa sentensi moja, usimwandikie msimamizi yeyote bado.

Utafiti wangu niliufanya katika msitu wa Kibale, nikiwafuata mbega wekundu. Msitu ule una tai wanaowanyakua, na una sokwe wanaowawinda, hasa upande wa Ngogo. Basi mbega akiinua kichwa na kuangaza huku na huku, unaweza kuuliza maswali manne, na Nikolaas Tinbergen, mtaalamu wa tabia za wanyama, aliyapanga tangu 1963. Ni kitu gani kimemfanya aangaze sasa hivi? Tabia hiyo ilikuaje ndani yake tangu utotoni? Inamsaidia nini kuishi na kuzaa? Na ilianzia wapi katika ukoo wa kima hawa? Kila swali lina njia yake ya kupimwa, kwa hiyo chagua moja. Anayetaka kuyajibu yote kwa miaka miwili hurudi na madaftari mengi na tasnifu isiyokwisha.

Sasa jambo ninalotaka ulishike kuliko yote: namna ya kutazama. Jicho la mtu hufuata kelele. Ukikaa chini ya mti na kuandika chochote kinachokuvutia, jioni daftari limejaa madume wanaofukuzana, na jike aliyekaa kimya akinyonyesha mchana kutwa hayumo. Ukija kuhesabu utasema mbega ni wagomvi, kumbe ugomvi ulichukua dakika chache tu. Jeanne Altmann, aliyewatazama nyani wa Amboseli kule Kenya, alilichambua tatizo hili katika makala yake ya 1974, na sioni mwanafunzi wa fani hii anayeweza kuikwepa.

Njia ya kwanza ni kumteua mnyama mmoja, kumfuata kwa muda uliopangwa, tuseme dakika kumi, na kuandika kila anachofanya, hata kama ni kusinzia. Jirani zake wakipigana, macho yako yabaki kwake. Njia ya pili ni kupitisha macho kwenye kundi zima kila baada ya robo saa na kuandika kila unayemwona anafanya nini wakati uleule. Ya kwanza inafaa kwa matendo ya ghafla kama kuangaza. Ya pili inaonyesha siku inavyogawanyika kati ya kula, kupumzika na kutembea. Na nani wa kufuatwa leo? Chagua jina kwa bahati nasibu asubuhi kabla hujatoka. Usipofanya hivyo utawafuata wanaoonekana kirahisi, wale waliokwisha kuwazoea watu, na data yako itakuwa ya hao peke yao.

Mzee aliyenisaidia alikuwa ameijua kazi ya msitu tangu mimi sijaanza shule. Tuliongea Kiswahili, majina ya miti akinitajia kwa Kitooro, na hakunikubalia kuhesabu lolote mpaka niwatambue mbega mmoja mmoja kwa mkia uliokatika au kidole kilichopinda. Kisha tulimtazama mnyama yuleyule, kila mtu akiandika kivyake bila kusemezana, tukalinganisha. Tulipotofautiana tulikaa na kukubaliana maana ya kila neno kwenye fomu ya kurekodia. Fanyeni hivyo kabla data haijaanza kukusanywa. Na mtu kama huyu mlipe vizuri. Mawazo yake yakiingia kwenye utafiti, jina lake liwe miongoni mwa waandishi. Kulitaja kwenye shukrani tu hakutoshi.

Ukipata nafasi, nenda mahali ambapo wanyama wamefuatwa kwa miaka mingi. Thomas Struhsaker alianza na mbega wekundu wa Kibale mwaka 1970, na Makerere ina kituo chake palepale Kanyawara. Rekodi ndefu hukuruhusu kuuliza yale ambayo mwaka mmoja hauwezi kuyajibu. Tazama jaribio la asali lililochapishwa 2009: magogo yalitobolewa na kutiwa asali, sokwe wa Kanyawara wakatumia vijiti, na wa Sonso, huko Budongo, wakatafuna majani na kuyachovya kama sifongo. Matokeo hayo yana uzito kwa sababu desturi za jamii zote mbili zilikuwa zimeandikwa kwa miaka mingi.

Kama ni sokwe au gorila wa milimani, vaa barakoa, na ukihisi mafua baki kambini. Mwaka 2013 kirusi cha mafua ya kawaida ya binadamu kiliua sokwe 5 kati ya 56 wa Kanyawara. Hakuna tasnifu yenye thamani ya mnyama mmoja kati ya hao.

Vibali ni viwili usivyoweza kuvikwepa: cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na cha Mamlaka ya Wanyamapori. Anza kuviomba pendekezo lako likishapitishwa tu, usingoje ukaribie kwenda msituni. Wakati unavingoja, jifunze takwimu na programu ya R kwa data ya mtu mwingine.

Barua ya kwanza kwa msimamizi isizidi ukurasa mmoja. Iwe na swali lako, mnyama anayelifaa, mahali utakapofanyia kazi, na namna utakavyorekodi. Picha za wanyama ulizopiga ziache.