Filamu ya vita vya baharini upande wa Wajapani

Mkuu, kama unataka vita vya baharini kwa macho ya Wajapani walioshindwa, tafuta Otoko-tachi no Yamato ya mwaka 2005. Tora! Tora! Tora!, ile ya shambulio la Bandari ya Pearl, ni nzuri, ila pale Japani ndiyo inashambulia, haijaonja kichapo bado. Hii ya Yamato inawafuata vijana wa bunduki za kutungulia ndege kwenye manowari Yamato, iliyozamishwa tarehe 7 Aprili 1945 ikielekea kisiwa cha Okinawa bila ndege za kuilinda. Mizinga yake mikubwa ilikuwa ya milimita 460, lakini kilichoimaliza ni mabomu na torpido (makombora yanayopita majini) za ndege za Marekani. Sitaha inalowa damu, mpigaji akianguka mwenzake anashika nafasi. Mwanzo unajivuta, na vilio vimezidi kidogo. Vumilia tu.