Roho Mtakatifu au roho takatifu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Shuleni tulifundishwa kwamba "roho" iko katika ngeli ya I-ZI: roho yangu, roho nzuri, roho imemtoka. Mbona tukisali Kanuni ya Imani tunasema "Roho Mtakatifu"? Jirani yangu ni Shahidi wa Yehova. Yeye husema "roho takatifu", na anashikilia kwamba hiyo ndiyo sarufi sahihi. Tena padri wetu, akimzungumzia Mwana wa Mungu, husema "Nafsi ya Pili alitwaa mwili", nami ningesema "ilitwaa". Nani anaboronga? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Haborongi mtu, ila jirani yako amekosea kulifanya jambo hili kuwa la sarufi tupu.

Upatanisho wa Kiswahili hautazami umbo la nomino peke yake. Kiongozi na kipofu wana ki- mwanzoni, lakini husikii mtu akisema "kiongozi kimefika". Tukishaona kwamba anayetajwa ni mhusika mwenye uhai, tunamhamishia A-WA bila hata kufikiri. "Roho" nayo ina maisha mawili. Iliyo ndani ya mtu ni kitu chake: roho inaniuma, fulani ana roho mbaya, mgonjwa amekata roho. Roho anayetumwa, anayefundisha na anayehuzunishwa ni mtu wa kuambiwa "yeye".

Fungua Injili ya Luka, sura ya kwanza, katika Biblia ya Union Version. Mstari wa 35 malaika anamwambia Mariamu, "Roho Mtakatifu atakujilia juu yako." Mstari wa 47 Mariamu mwenyewe anaimba, "Na roho yangu imemfurahia Mungu Mwokozi wangu." Sura moja, neno moja, ngeli mbili, na hakuna msomaji anayejikwaa.

Kuna mfano mwingine unaonivutia zaidi. Isaya 61:1 katika Biblia hiyohiyo inasomeka, "Roho ya Bwana MUNGU i juu yangu." Karne nyingi baadaye Yesu anasimama katika sinagogi la Nazareti, anapewa chuo (yaani kitabu) cha Isaya, anasoma maneno hayohayo. Luka 4:18 inasomeka, "Roho wa Bwana yu juu yangu." Ya imekuwa wa, i imekuwa yu. Sidhani wafasiri walipitiwa. Hata Mwanzo 1:2 waliandika "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji", lakini penye ubatizo wa Yesu, Mathayo 3:16, ni "Roho wa Mungu akishuka kama hua". Ninavyowasoma mimi, katika Agano la Kale waliacha neno libaki karibu na pumzi na nguvu ya Mungu, na walipofika Agano Jipya wakaandika kama watu waliokwisha kufundishwa imani ya Utatu, yaani Mungu mmoja katika Nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Viambishi vyao vina teolojia ndani yake.

Wagiriki waliotunga hiyo Kanuni ya Imani hawakuwa na nafasi hiyo. Neno lao la roho, pneuma, halimo katika jinsia ya kiume wala ya kike. Limo katika ile ya tatu, na vivumishi vyake havina budi kulifuata. Yeronimo, aliyeifasiri Biblia kwa Kilatini, alikwisha kusema kwamba roho ni ya kike kwa Kiebrania, ya kiume kwa Kilatini, na si hiki wala kile kwa Kigiriki, kwa hiyo Mungu asipimwe kwa jinsia za maneno. (Kiswahili kimetuokoa hapo: a- yetu haiulizi mume wala mke.)

Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea wa mwaka 325 ulishughulika zaidi na Mwana. Kuhusu Roho Mtakatifu ulitaja jina tu, ukanyamaza. Ndipo wakazuka waliosema Roho ni kiumbe au mtumishi. Basili, askofu wa Kaisaria, aliandika kitabu kizima juu yake mnamo mwaka 375, na ugomvi ulioanzisha kitabu hicho ulikuwa wa vihusishi! Watu walimlalamikia kwa kuwa katika sala alimtukuza Baba "pamoja na" Mwana, "pamoja na" Roho Mtakatifu, badala ya kusema "kwa njia ya" Mwana, "katika" Roho Mtakatifu. Basili alifariki kabla ya Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381, lakini sikiliza Kanuni ya Imani iliyotoka hapo, tunavyoisali hadi leo: "Bwana mleta uzima… anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana." Katika Kigiriki hata hilo "Bwana" lilikunjwa lifuate jinsia ya pneuma. Kwa kuwa sarufi haikuwasaidia kusema "huyu ni nani", maaskofu walimtambulisha kwa anachofanya na anachofanyiwa: analeta uzima, anaabudiwa, alinena kwa vinywa vya manabii.

Sasa jirani yako. Mashahidi wa Yehova wanafundisha kwamba roho takatifu ni nguvu ya Mungu inayotenda kazi, si nafsi. Kwa fundisho hilo, I-ZI na herufi ndogo ni upatanisho safi kabisa. Kwa fundisho lenu, A-WA ndiyo safi. Mkitaka kubishana, bishaneni juu ya imani, ngeli mziache. Ukimnukuu, mwandikie "roho takatifu" kama alivyosema, usimsahihishe. Kosa ninaloweza kulipigia mstari mwekundu ni la kuchanganya: "Roho Mtakatifu imeshuka", ambalo halimridhishi yeyote kati yenu.

Kuhusu Nafsi, idadi imeshazoeleka: Nafsi tatu, si "Nafsi watatu", na tukithubutu kusema "watu watatu" tutakuwa tumeshahesabu miungu. Kitenzi ndicho chenye utata. "Nafsi ya Pili ilitwaa mwili" inafuata umbo la neno, na siwezi kuikataa. Mimi huandika "Nafsi ya Pili, yaani Mwana, alitwaa mwili", jina likae katikati na kitenzi kiwe na wa kumfuata. Padri wako analifupisha hilohilo, kwa sababu kichwani mwake Mwana ameshatajwa.