Neema ilinirudisha kwa mjane

Mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii mmetuuliza: "Kama tumeokolewa kwa neema, ya nini kuhangaika kila siku kuishi maisha matakatifu?" Swali hilo nililitumia miaka mingi kama mahali pa kujifichia, kwa hiyo nawajibu kwa yaliyonipata.

Mimi ni mtu wa Bukoba, nimelelewa katika ushirika wa uamsho, yaani vikundi vya waliookoka vilivyokutana kuomba na kuungama. Uamsho ule uliwaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, baada ya daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi kukutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929 na kuomba pamoja. Ukavuka mpaka ukatufikia Kagera. Wazee wetu walisimulia jinsi waliookoka walivyorudisha majembe waliyoiba na kuungama hadharani yale waliyoyaficha. Hayo waliyaita kutembea nuruni, kutokana na maneno ya Yohana: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi." Nilikua nikiyasikia hayo, hata yakawa kama hadithi za watu wa kale.

Mwaka 2011 nilinunua kahawa kwa butura. Kwa wasioijua, butura ni kumpa mkulima mwenye shida fedha kidogo kahawa ikiwa bado maua mtini, halafu mavuno yakawa yako. Mama mmoja mjane, jirani wa shamba letu, alikuwa na mjukuu amelazwa. Nilimpa shilingi 40,000 kwa magunia mawili ya kahawa ya maganda, yaani iliyokaushwa bila kukobolewa. Msimu ulipofika niliyauza kwa zaidi ya mara tatu ya fedha hiyo. Jumapili ile ile nilisimama kanisani nikashuhudia kwamba Bwana amenibariki.

Moyo uliponisuta, nilijiambia: nimesamehewa, damu imelipa yote. Na ni kweli imelipa. Lakini neno la kweli nililigeuza kuwa pazia. Mzee mmoja wa ushirika, baada ya maombi, aliniuliza kwa upole tu: "Ndugu, unamwonaje yule mama mnapokutana njiani?" Nikatambua kwamba nilikuwa nimeshaanza kupita njia nyingine.

Usiku huo nilisoma habari za Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri katika Injili ya Luka. Miaka yote nilidhani aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu ndipo Yesu akampokea. Sivyo ilivyoandikwa. Yesu alimwita kutoka mtini kwanza, akasema atashinda nyumbani mwake, na Zakayo akampokea kwa furaha. Mali ilirudi baadaye, kutoka kwa mtu aliyekwisha kupendwa. Paulo anamwandikia Tito kwamba neema "yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia". Yaani neema ni mwalimu, na mwalimu huingia darasani kila siku. Hiyo ndiyo sababu sioni ugomvi kati ya neema na bidii. Asiyejua kwamba amepokelewa hawezi kuthubutu kugonga mlango wa mtu aliyemdhulumu. Mimi nisingeweza.

Najua pia hatari ya upande wa pili. Miaka ya 1970 huko Uganda ndugu wa uamsho waligawanyika. Kundi lililoitwa Bazukufu, yaani walioamka tena, likakaza masharti, kukopa kukawa dhambi. Nawaheshimu kwa uzito walioupa utakatifu. Ila sharti la kutokopa lisingenipeleka kwa yule mama. Sikuwa na deni la mtu yeyote lililoandikwa popote.

Nilikwenda na shilingi 90,000. Nikaeleza yote, nikatubu. Alizihesabu taratibu, akazifunga kwenye pindo la kanga, kisha akasema: "Mwanangu, hizi ni za kahawa. Na mwaka wa mtoto?" Mjukuu alipopona na mavuno yakawa yangu, ada ikakosekana, akaacha kidato cha pili. Hilo sikuwa nalijua. Nilikuwa nimekuja nikitazamia machozi na kukumbatiana kama katika shuhuda za wazee wetu. Nilirudi nyumbani nimevunjika, sina la kushuhudia.

Kijana hakukubali kurudi kukaa na watoto wadogo kuliko yeye. Tulikubaliana ajifunze useremala, nami nikalipia, mwezi kwa mwezi, miaka miwili. Kuna miezi niliyolipa kwa kinyongo, nikatubu, nikalipa tena. Mkiniuliza utakatifu wa kila siku ukoje, huo ndio ninaoujua.

Msimu mmoja baadaye yule mama aliniomba nimpelekee kahawa yake kwa baiskeli hadi chama cha msingi, yaani chama cha wakulima kinachonunua kahawa. Tulipofika alisimama kando ya mzani, akasoma kila namba mwenyewe, akamwomba karani aandike mbele yake. Nikamshikia gunia hadi akamaliza.