Maelekezo ya AI yasiyoandikwa kila siku

Swali: Kila asubuhi naandika upya maelekezo yaleyale ya kufupisha ripoti. Naweza kuyahifadhi kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri za kompyuta)?

Jibu: Ndiyo. Sakinisha llm, programu ya kutumia AI kupitia terminali, kwa `pip install llm`, weka ufunguo wa API (msimbo wa siri wa akaunti yako ya OpenAI) kwa `llm keys set openai` (huduma hiyo hulipiwa), kisha hifadhi maelekezo yako kama kiolezo:

`llm --system 'Fupisha kwa hoja 5' --save fupisha`

Kukitumia: `cat ripoti.txt | llm -t fupisha`

Ndani ya maelekezo, sehemu inayobadilika, mfano lugha ya muhtasari, iandike `$lugha`, na unapokitumia kiolezo uijaze kwa `-p lugha Kifaransa`. Hapa ndipo wengi hukwama: wanapohifadhi kiolezo wanatumia alama za nukuu mbilimbili ("). Terminali huidaka `$lugha` kabla ya llm, haikuti kitu, na kiolezo kinahifadhiwa na pengo. Tumia nukuu mojamoja ('). Kilichokwisha kuharibika kirekebishe kwa `llm templates edit fupisha`. Kiolezo ni faili la YAML tu, yaani maandishi ya kawaida yanayosomeka, kwa hiyo usifiche nywila humo.