Sofa kubwa ya kifahari kwenye sebule ya mita 3.6 kwa 4.8: pima kinachobaki

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili, maana miaka sita iliyopita nilikuwa hapo hapo ulipo. Kwa faida ya wanaoingia sasa: mwenzetu ana sebule ya mita 3.6 kwa 4.8. Amependa sofa ya umbo la L yenye urefu wa sentimita 320, upande wa kunyooshea miguu 180, kina 110, kitambaa mahameli ya kijani iliyokolea. Anataka kuiegemeza kwenye ukuta mrefu, runinga iwe ukuta wa mbele yake. Mlango wa kuingilia uko kwenye ukuta mfupi, karibu kabisa na kona ya ukuta huo mrefu, na unafungukia ndani. Shemeji anasema sofa itameza sebule, yeye anasema itaenea vizuri tu. Tena ana viti viwili vya mikono vya zamani ambavyo angependa vibaki. Achukue au aache?

Kuenea itaenea. Hilo sibishani nawe. Hata yangu ya kwanza ilienea. Nilipima ukuta, nikapima sofa, nikaona nafasi imebaki pande zote mbili, nikalipa. Sikupima sehemu ambayo watu wangepita. Ilipokaa mahali pake na meza ikawekwa katikati, kati ya meza na kabati la runinga zilibaki sentimita 48, na hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kwenda vyumbani. Ukiwa mikono mitupu unapita. Ukiwa umembeba mtoto aliyelala begani usiku, taa zimezimwa, unageuka ubavu, unapapasa kwa mguu kutafuta ncha ya meza, na mara nyingi unaipata kwa kidole gumba. Tuliishi hivyo miaka mitatu. Kila mtu nyumbani alijifunza kutembea kiubavu kwenye sebule yake mwenyewe, na hakuna aliyesema neno kwa sababu sofa ilikuwa nzuri kweli.

Ndiyo maana nakuomba usahau kidogo vipimo vya sofa, upime kinachobaki. Tufanye na hesabu yako.

Sofa yenyewe itachukua karibu mita za mraba 4.3 kati ya 17.3 ulizonazo. Hiyo ni robo ya sebule, kwa samani moja. Kwa upana: una sentimita 360. Toa 5 za nyuma ili mgongo usisugue ukuta, toa 110 za kina, toa 40 za kabati la runinga. Zinabaki 205. Meza ya kati ya sentimita 60, na kati ya meza na sofa uache 40 mpaka 45, ili mtu afikie kikombe bila kuinuka na bado apitishe magoti. Mbele ya runinga inabaki njia ya mita moja hivi. Hapo uko salama. Njia inayopitwa kila siku isipungue 75, na ikifika 90 mtu anapita kwa raha bila kugeuka ubavu. Kwenye ncha ya ule upande wa kunyooshea miguu zinabaki 135 mpaka kwenye kabati. Napo ni sawa.

Sasa nenda kwa urefu. 480 toa 320, unabaki na 160, na nadhani huko ndiko ulikopanga kuweka viti vyako. Lakini mlango wako ukifunguka unaingia ndani sentimita kama 90 kuufuata ukuta huo huo. Zinabaki 70. Kiti cha mikono cha kawaida kina upana wa 80 au zaidi. Hakikai, hata kimoja. Ukikisogeza upande wa runinga kinakaa juu ya njia ile ya mita moja tuliyoifurahia sasa hivi.

Kwa hiyo unachoamua si sofa tu. Unachagua kati ya sofa hii na vile viti viwili, na nadhani hili ndilo shemeji analiona bila kulipigia hesabu. Sebule yenye L moja na runinga mbele yake inawapanga watu wote waangalie upande mmoja. Wakija wageni wanne wanakaa mstari kama wako kwenye basi, na anayeongea lazima ajipinde shingo. Viti viwili vinavyotazamana na sofa, umbali wa mita mbili na nusu hivi, ndivyo vinavyofanya watu waongee. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko rangi na kitambaa, na nilichelewa kulijua.

Halafu kuna hesabu ya makalio. Muuzaji atakuambia L hiyo inakaa watu saba. Kaa dukani uone. Pale kwenye kona hakuna anayependa kukaa, maana magoti yake yanagongana na ya jirani pande zote mbili. Ule upande mrefu wa kunyoosha miguu unakaliwa na mtu mmoja, labda wawili wanaozoeana sana. Yangu niliambiwa sita, na kwa miaka yote mitatu sikumbuki kuona zaidi ya wanne wamekaa kwa raha. Sofa iliyonyooka ya watu watatu pamoja na viti vyako viwili inakupa watano waliokaa sawasawa, kila mmoja na miguu yake chini.

Miguu chini nimeitaja kwa makusudi, kwa sababu ya kina. Sentimita 110 kwa nje, ukitoa unene wa mgongo na mito yake, zinakuachia kama 65 au 70 za kukalia. Paja la mtu mzima, kuanzia makalio mpaka nyuma ya goti, kwa watu wengi ni karibu na 45 mpaka 50. Yaani ukiegemea mgongo, goti halifiki ukingoni; miguu inaning'inia au unalala nusu. Kwa kijana anayetaka kujilaza na kutazama filamu ni raha tupu. Kwa wengine sivyo.

Mama yangu alipokuja mara ya kwanza baada ya sisi kununua ile yetu, alikaa, akajisukuma nyuma, visigino vikaacha zulia. Akarudi mbele. Akakaa pale ukingoni jioni nzima, mgongo wima, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Kiti chenyewe kilikuwa na kimo cha sentimita 40, na ukikikalia kinazama zaidi. Alipotaka kuinuka aliyumba mbele mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaninyooshea mkono. Kesho yake alivuta kiti cha meza ya chakula akakikalia mpaka siku ya kuondoka. Hakulalamika hata kidogo. Mimi ndiye niliyeumia, maana ile sofa niliinunua nikimfikiria yeye akija kupumzika.

Kama nyumbani kwako anaingia mtu mzima mwenye magoti ya shida, au mjamzito, tafuta kimo cha kiti kati ya 45 na 48 na kina cha kukalia kisichozidi 55. Na mkono wa sofa uwe mgumu kiasi cha kushikia wakati wa kuinuka. Ile mikono minene laini kama mto inapendeza, lakini haimbebi mtu. Tena inakula nafasi: mikono miwili ya sentimita 30 kila mmoja ni 60 ambazo umezinunua na hakuna anayezikalia.

Jambo ambalo nakuomba ulifanye kabla hujalipa hata amana: chukua magazeti na selotepu, utandike sakafuni umbo zima la sofa kwa vipimo vyake halisi. Usiishie hapo, gazeti ni bapa na sofa ina kimo. Panga viti au maboksi juu ya magazeti, ufunike kwa shuka mpaka kwenye kimo cha mgongo. Weka na kitu cha kuwa meza. Kisha muishi nalo siku nne au tano, na mtu yeyote asilikanyage.

Tulipobadilisha sofa tulifanya hivi. Siku ya kwanza tulikumbuka, siku ya pili tukasahau. Siku ya tatu nikaona kona moja ya magazeti, ile ya upande wa korido, imechanika na kukunjamana, wakati pembe nyingine zote ziko kama tulivyozibandika. Kumbe hapo ndipo kila mtu anapokata akitoka chumbani, binti yangu zaidi ya wote. Hakuna aliyekuwa anajua. Tukaagiza sofa fupi kwa sentimita 30 kuliko tuliyoipanga, na leo njia ile iko wazi.

Usiamini macho yako ya dukani, mkuu. Dukani dari iko juu, kuta ziko mbali, na sofa yako imezungukwa na sofa nyingine kubwa kama yenyewe. Chochote pale kinaonekana cha kawaida. Kama moyo wako umekwama kwenye kubwa, basi iwe ya miguu inayoonekana, sakafu ipite chini yake, na mgongo wake uwe mfupi. Ile iliyoshuka mpaka chini kama sanduku, tena ya rangi nzito, ndiyo inayoonekana kuijaza sebule kuliko vipimo vyake.

Kuhusu kuiingiza ndani: uliza kwanza inakuja vipande vingapi. L nyingi za 320 hutenganishwa mara mbili au tatu. Kisha pima uwazi wa mlango, siyo ubao wake, maana mlango ukifunguka unene wa ubao na bawaba hula sentimita kadhaa. Mlango wa 80 unaweza kukupa 75. Sofa mara nyingi hupitishwa imelazwa ubavu, kwa hiyo pima pia mshazari wake: weka rula ndefu kutoka ncha ya juu ya mgongo mpaka mbele ya mkono, halafu pima kutoka kwenye rula hiyo kushuka mpaka kona ya chini ya nyuma. Namba hiyo ikiwa ndogo kuliko uwazi wa mlango, inapita. Uliza kama miguu inafunguliwa. Na ukague kona zote za njiani: korido inayopinda, ngazi, lifti. Yetu ya kwanza mlango ilipita, ikakwama kwenye kona ya korido. Tuling'oa mlango wa chumba kwenye bawaba ndipo ikageuka, na ukuta ukabaki na mchubuko mrefu wa kimo cha kiuno.

Kuhusu neno "kifahari" nisikuchoshe, ila uliza yaliyo ndani. Fremu ya mbao ngumu zilizokaushwa vizuri hudumu. Mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa hulegea kwenye viungo. Sponji ya kukalia, uzito wake uwe kilo 35 kwa mita ya ujazo au zaidi, vinginevyo mwaka wa pili una mashimo mahali pale pale mnapokaa. Mito iliyojazwa manyoya ni laini kweli, lakini lazima uipigepige kila siku irudi umbo lake. Ukiambiwa ngozi, uliza kama ni ngozi nzima au ni mabaki yaliyosagwa na kugandishwa. Hayo ya pili hubanduka magamba. Mahameli yako iombee foronya za zipu zinazovuliwa, na usiiweke jua la dirishani linapopiga moja kwa moja, rangi itapauka upande mmoja.

Ningekuwa mimi na sebule yako, ningechukua iliyonyooka ya 220 au 230, kina kisichozidi 95, mahameli hiyo hiyo ya kijani kama ndiyo iliyokuita. Viti viwili ningeviacha, ningevibadilisha vitambaa tu vifanane nayo. Ukikaa kwenye L kwa sababu nyie ni watu wa kujilaza pamoja kila jioni na wageni ni nadra, sitakulaumu, hiyo nayo ni nyumba. Lakini viti vitafutie chumba kingine mapema, usivibane nyuma ya mlango.

Kitu kimoja hukukisema, nacho ndicho kinachoweza kubadilisha hesabu yangu yote: mlango wa kwenda vyumbani uko ukuta gani, na ule upande wa kunyooshea miguu unaangukia kulia au kushoto ukiwa umesimama mbele ya sofa? L nyingi hazigeuziki baada ya kutengenezwa. Tandika magazeti wikiendi hii, kisha rudi utuambie kona ipi imechanika.