Usimwambie Ashike Kazi Yoyote

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatafutia kazi watu waliotoka gerezani, pamoja na wengine ambao hawajafungwa ila maisha yamewabana. Nilianza vibaya. Kijana mmoja aliyekuwa ndani miaka minne alikuwa anajaza fomu ya kazi ya ghalani. Tukafika kwenye lile swali: umewahi kutiwa hatiani? Nikamwambia, "Paache wazi, wakiuliza utajua la kusema." Kazi akapata. Wiki ya tatu wakachunguza taarifa zake, akasindikizwa hadi getini wenzake wakimwangalia. Barua ilisema alificha. Aliyemfundisha kuficha ni mimi.

Siku hizi tunaanza na jibu la swali hilo, wasifu baadaye. Namkalisha mbele yangu, namuuliza kwa upole, kisha kwa ukali, hata mara kumi. Mara ya kwanza macho yanakwenda chini na maneno yanakuwa mengi: marafiki, polisi, hakimu. Kwenye mara ya nane hivi anasema, "Niliiba, nikafungwa. Ndani nimejifunza kuchomelea, cheti hiki hapa." Halafu ananyamaza. Huko kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi.

Simwahidi kwamba ataajiriwa kwa kusema kweli. Utafiti wa mwanasosholojia Devah Pager uliofanyika Milwaukee, Marekani, na kuchapishwa 2003, ulionyesha kwamba miongoni mwa waombaji Wazungu, waliopigiwa simu na waajiri walishuka kutoka 34 hadi 17 katika kila 100 pale rekodi ya jela ilipotajwa. Kwa Weusi, kutoka 14 hadi 5. Ndiyo maana sitegemei fomu peke yake. Namtafuta msimamizi wa kazi mwenyewe, yule anayejua amepungukiwa watu, nazungumza naye kwanza.

Vitambulisho vishughulikiwe kabla mtu hajatoka. Kanuni ya 108 ya Kanuni za Nelson Mandela, zile za Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, inataka anayeachiwa apewe hati zake, lakini wengi nimewapokea wakiwa na karatasi ya kuachiwa tu.

Kuhusu mshahara, ile kauli ya "shika chochote kwanza" nimeiacha. Tunachukua karatasi, tunaandika kodi, nauli, mlezi wa mtoto, faini ambayo haijalipwa, tunalinganisha na kitakachoingia mkononi. Mama mmoja alipewa kazi ya usafi wa usiku. Tulipopiga hesabu, usafiri na mlezi vilikula zaidi ya nusu. Akaikataa, akaenda kujifunza ufundi umeme. Watu walimwona anaringa.

Na kuna hili nililochelewa kuliona: mshahara wa kwanza unakuja mwisho wa mwezi, nauli inatakiwa Jumatatu asubuhi. Mtu anakosa siku mbili, anafukuzwa, mtaa unasema amerudia tabia zake. Sasa naitafuta kwanza nauli ya wiki nne, ndipo tunatuma maombi.