Flapu za ndege ya rimoti: anzia kwenye waya, swichi ije baadaye

Ukinunua ndege ya rimoti yenye flapu, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, kishawishi cha kwanza ni kuchomeka nyaya, kuchagua swichi, kuona flapu zikishuka na kupanda, basi, twende uwanjani. Ndege inakuja kutua, swichi inageuzwa, pua inainuka ghafla, mwendo unakatika, na mwenye ndege anarudisha flapu juu kwa hofu huku ndege iko chini mno. Nimewasikia wenzetu wengi wakiapa kwamba hawatazigusa tena. Inasikitisha, kwa sababu flapu ni msaada mkubwa zikitengenezwa kwa mpangilio wake: kwanza waya wa chuma unaovuta flapu na mkono wa servo (mota ndogo inayousogeza) mezani, kisha rimoti, na mwisho kabisa miksi ya eleveta, yaani amri ya rimoti inayosogeza kibao cha mkia pamoja na flapu, ambayo hupimwa angani.

Sisi tunaorusha Nairobi tunazihitaji kuliko wenzetu wa Pwani. Hapa tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa hesabu ya kawaida ya angahewa hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Maana yake ndege ile ile, yenye uzito ule ule, inatua ikikimbia kwa takriban asilimia 9 zaidi ya inavyotua Mombasa. Kiwanja kikiwa kifupi, tofauti hiyo utaiona kwa macho. Ukitaka kujua flapu zinafanya nini, katazame Cessna Caravan ikitua pale Wilson. Flapu zake zikishushwa zote hufika nyuzi 30, na inakuja polepole, pua imeelekea chini, rubani akiiona njia yote mbele yake. Huo ndio mkao tunaoutafuta kwenye ndege zetu ndogo.

Nitaeleza kwa ndege ninayoifahamu vizuri: bawa liko juu, upana wake kama mita moja na nusu, mota ya umeme, servo mbili za gramu 9 kwa ajili ya flapu, na rimoti inayotumia programu ya EdgeTX.

Usifunge waya wa flapu kabla servo haijakaa katikati yake. Servo ya kawaida husikiliza mipigo ya umeme ya mikrosekunde 1,000 hadi 2,000, na katikati ni 1,500. Aileroni, vibao vya bawa vinavyoilaza ndege kushoto au kulia, hupanda na kushuka, kwa hiyo mkono wa servo yake husimama wima pale katikati. Flapu kazi yake ni kushuka tu. Ukisimamisha mkono wima flapu ikiwa juu, nusu nzima ya mwendo wa servo imepotea bure, na nusu iliyobaki mara nyingi haikufikishi nyuzi 40. Mimi hupanga hivi: servo ikiwa katikati, flapu imeshuka nusu ya safari yake. Flapu ikiwa juu, mkono umelalia nyuma kuelekea flapu yenyewe. Ikishuka yote, mkono umelalia mbele. Pembe ya flapu (kile kipande kidogo kinachoshika waya kwenye flapu) ikiwa upande wa chini wa bawa, kushusha flapu ni kuvuta waya. Hewa inapoisukuma flapu irudi juu, waya unavutwa tu, na waya unaovutwa haupindi hata ukiwa mwembamba.

Sasa sogeza sikio. Flapu ikifika juu kabisa, servo inatakiwa inyamaze. Ikiendelea kuvuma, ujue inaikandamiza flapu kwenye bawa. Inakula umeme bure na itaungua. Zungusha klipu ya mwisho wa waya nusu mzunguko, sikiliza tena, hadi flapu ilale sawa na bawa na sauti ikatike. Kazi hii usiikimbilie kwenye rimoti. Ukipunguza mwendo kwenye skrini ili kuficha waya uliofungwa vibaya, unapoteza nguvu ya servo na usahihi wake kwa pamoja.

Kuhusu waya wa Y, ule wa umeme unaogawa amri moja kwa servo mbili: servo za flapu zikiwa zimefungwa kama kioo, kushoto na kulia, waya wa Y utashusha moja na kupandisha nyingine. Kwa aileroni hilo ndilo tunalotaka. Kwa flapu ni balaa. Ama uzifunge servo zote mbili zikitazama upande mmoja, ama upe kila flapu chaneli yake, yaani njia yake ya amri kutoka kwenye rimoti. Kama kipokezi chako kina nafasi, chukua chaneli mbili bila kufikiria mara mbili, kwa sababu utaweza kuzilinganisha moja moja.

Na kulinganisha ndiko kunakohitaji subira. Flapu moja ikishuka zaidi ya mwenzake, ndege inalala upande kila unapogeuza swichi, na utadhani ni upepo. Huhitaji kifaa cha bei, rula inatosha. Pima upana wa flapu kutoka bawaba hadi ukingo wa nyuma. Ukiwa milimita 50, basi nyuzi 20 ni ukingo kuondoka mahali pake kwa milimita 17, na nyuzi 40 ni milimita 34, ukipima kwa mstari ulionyooka. Pima kushoto, pima kulia, kwa hali zote tatu: juu, nusu, yote. Kwenye ukurasa wa Outputs rekebisha mwisho wa kila upande na katikati yake hadi namba zilingane. Milimita moja ya tofauti naivumilia, mbili siziruhusu.

Kwenye rimoti, chagua swichi ya hatua tatu. Tuseme flapu ziko chaneli ya 5 na ya 6. Kwenye ukurasa wa Mixes, kila mstari wa flapu una sehemu ya kupunguza kasi, iliyoandikwa Slow; weka sekunde mbili kwenda na mbili kurudi. Ndege ya kweli haiangushi flapu kwa kishindo, na kushuka taratibu kunakupa muda wa kuona kinachotokea. Kisha nenda kwenye mipangilio ya modeli na uwashe onyo la swichi, ili rimoti ikatae kuanza kazi kama flapu haziko juu.

Hapa ndipo watu hupotea. Kwenye ndege ya bawa la juu, flapu zikishuka pua huinuka, kwa hiyo eleveta inahitaji kusukumwa chini kidogo. Lakini kiasi hicho hakiongezeki sawasawa na flapu. Hatua ya kwanza ndiyo inayoongeza sana nguvu ya bawa kubeba. Hatua ya pili kwa sehemu kubwa ni breki ya hewa. Ukiweka kiwango kimoja tu cha asilimia kwa safari nzima, nusu ya flapu itakosa msaada, au flapu yote itakuwa na msaada kupita kiasi na ndege itachimba pua. Tumia mpindo wa nukta tatu, yaani thamani yake kwa kila hali ya flapu: juu, nusu, yote. Kwenye chaneli ya eleveta ongeza mstari mmoja, na chanzo chake kiwe chaneli ya flapu yenyewe badala ya swichi. Hivyo eleveta itafuata mwendo ule ule wa polepole. Ukichukua swichi, eleveta itaruka mara moja huku flapu bado zinajikokota. Nukta ya flapu juu iwe sifuri. Nyingine mbili ziache sifuri kwa sasa, utazileta kutoka angani.

Wenye rimoti ya FlySky FS-i6 msikate tamaa. Miksi yake ina thamani moja upande wa chanya na nyingine upande wa hasi, pamoja na msogezo wa katikati. Kwa hizo tatu unapata umbo lile lile. Wenye rimoti za Spektrum wana menyu ya flapu inayouliza eleveta kwa kila hatua na sekunde za mwendo, kazi imerahisishwa kabisa.

Angani, panda juu vya kutosha, uwe na nafasi ya kuiokoa ndege ikikushangaza. Punguza nguvu ya mota hadi kiasi unachotumia kutua, kwa sababu miksi iliyopimwa kwa mota kamili haitakufaa ukikaribia ardhi. Shusha nusu, acha ndege itulie, kisha isawazishe kwa trimu ya eleveta (kile kitufe cha rimoti cha marekebisho madogo) hadi iende yenyewe. Rudisha flapu juu huku ukiishika kwa kijiti, tua, na bila kugusa trimu fungua ukurasa unaoonyesha chaneli. Soma namba ya eleveta. Rudisha trimu ilipokuwa, soma tena. Namba ya kwanza ukitoa ya pili, pamoja na alama yake, ndiyo unayoandika kwenye nukta ya katikati, mradi mipaka ya eleveta umeiacha kwenye 100. Rudia kwa flapu yote. Kwa ndege kama hii, usishangae nukta ya tatu ikiizidi ya pili kwa kidogo sana.

Ukishamaliza, jaribu juu kule kule kitu kingine: flapu zote chini, kisha ongeza nguvu ghafla kama mtu aliyeghairi kutua. Upepo wa propela utapiga mkia na flapu, na pua itataka kupaa tena licha ya miksi. Jizoeze kuishikilia kwa kijiti, upate mwendo, ndipo upandishe flapu hadi nusu, na baadaye zote. Ukizipandisha kwa mkupuo chini chini, ndege inashuka kama imeachiwa, na hakuna urefu wa kuirudisha.

Mtu ataniuliza: ndege yangu haina flapu, nishushe aileroni zote mbili zifanye kazi hiyo? Rimoti itakubali, lakini siipendekezi kwa anayejifunza. Aileroni zikishuka pamoja, ncha za bawa ndizo zinazoacha kubeba mapema, na ukijaribu kusawazisha ndege ikiwa polepole inaweza kupinduka upande mmoja.

Kwa siku zenye upepo wa vishindo, tua kwa nusu au bila flapu kabisa. Na kama kiwanja chenu kina nyasi ndefu, anza kupandisha flapu mara magurudumu yanapogusa chini. Nyasi hushika ukingo wa flapu na kuisukuma nyuma, na gia za plastiki za servo ya gramu 9 hukatika meno hapo hapo. Mimi kwenye flapu hununua servo za gia za chuma, hata kama servo nyingine zote za ndege hiyo ni za plastiki.